Damu ya Mzee

Wapenzi wa ushairi na lugha, leo sikuja na uchambuzi wa shairi. Nimekuja na bamba la shaba.

Liko mezani pangu chini ya taa, jembamba kuliko ukucha, na ukubwa wake haupiti ukurasa wa daftari. Ukiliangalia kwa mbali utadhani ni kazi ya sonara aliyenakishi kifuniko cha kijaluba. Ukilisogelea utaona kwamba kila nakshi ni kipande kinachojitegemea: ngazi yenye vidato vitano, dirisha la dereva, ubavu wa tangi la maji, kifuniko kidogo kuliko punje ya mtama. Kila kipande kimeshikwa na bamba kwa vikonyo viwili vitatu, kama embe na tawi lake. Kazi ya mwenye bamba ni kukata vikonyo hivyo, kusugua makovu yake kwa tupa, kukunja panapokunjwa na kutia lehemu penye maungio, hata mwishowe lisimame garimoshi.

Kitita hiki aliniletea binti yangu, ambaye ni muuguzi nchini Uingereza. Alikinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa amekihifadhi miaka mingi akingoja nafasi ya kukijenga, na nafasi ilipopatikana macho yakawa yamemtupa mkono. Binti yangu aliona jina lililoandikwa kwenye sanduku, akakumbuka hadithi za babu yake, akalipa bila kuuliza mara ya pili. Hakujua alichonitwisha.

Injini inayojengwa ni ya daraja la 59 la Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Ziliundwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock kule Gorton, Manchester, katika miaka ya 1955 na 1956, kwa ajili ya njia yetu yenye upana wa mita 1. Kila moja ilikuwa na uzito wa takriban tani 250 na urefu unaokaribia mita 32. Hizi ndizo zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 500, zikipanda kutoka usawa wa bahari hadi kimo cha zaidi ya mita 1,600. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mfano wangu umepunguzwa mara 87, hivyo urefu wake ni sentimita 36 na kitu, na reli zake zimeachana kwa milimita 12.

Muundo wake huitwa Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyeubuni mwanzoni mwa karne ya 20. Siri yake ni hii: boila halikalii magurudumu. Limewekwa kwenye fremu iliyoning'inizwa kati ya vigari viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja kikiwa na silinda zake na magurudumu yake. Kwa kuwa chini ya boila hamna magurudumu, boila laweza kunenepa. La daraja la 59 lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 2, juu ya njia ya mita 1. Na kwa kuwa kila kigari hugeuka penye kiungo chake, injini ndefu namna hiyo hupinda kwenye kona bila kuacha reli.

Sasa nisikilizeni, watunzi. Kila kigari kina magurudumu 8 ya kuvuta. Manane mbele, manane nyuma. Nilipolitambua hilo nilicheka peke yangu kama mwehu. Kwa zaidi ya miaka 30 nimesimama mbele ya ubao nikiwaambia wanafunzi kwamba mshororo wa tarbia una mizani 8 ukwapini na mizani 8 utaoni, na kumbe baba yangu alikula mshahara juu ya mshororo.

Baba yangu alikuwa fayamani. Nitalirudia neno hilo baadaye, kwa maana ndilo lililonileta hapa. Kwanza niwaeleze kazi yenyewe.

Bamba hili halikukatwa kwa msumeno. Fundi huchora kila kipande kwa usahihi. Shaba hupakwa utando unaoathiriwa na mwanga, mchoro huwekwa juu yake, kisha bamba humulikwa pande zote mbili. Utando uliokuwa mgumu hubaki, uliobaki laini huoshwa. Kisha shaba huogeshwa kemikali iitwayo kloridi ya feri, nayo huila popote inapoikuta uchi. Inapoliwa pande zote mbili hutoboka. Inapoliwa upande mmoja tu, huacha mfuo wenye nusu ya kina. Mfuo huo ndio mstari wa kukunjia: unauweka upande wa ndani wa pembe, unalibana bamba kati ya vyuma viwili vilivyonyooka, unakunja hadi nyuzi 90, kisha unapitisha lehemu ndani ya mfuo ili pembe ipate nguvu. Unakunja mara moja tu. Shaba huvumilia kukunjwa. Haivumilii kukunjwa, kukunjuliwa na kukunjwa tena. Hilo sikuliamini mpaka ubavu wa tangi la mbele ulipokatika mikononi mwangu.

Lehemu nayo ina adabu zake. Ninazo tatu: inayoyeyuka kwa nyuzi 188 za selsiasi, ya nyuzi 145, na ya nyuzi 70 kwa vile vidude vya madini laini ambavyo joto kubwa lingevigeuza uji. Unaanza na ile kali ili joto la kazi ya pili lisibomoe kazi ya kwanza. Kabla ya kuunga, unapaka tone la asidi ili shaba itakate, na baada ya kuunga unakiosha kipande kwa maji, la sivyo kesho utakikuta kimeota kutu ya kijani. Na jambo ambalo hakuna kitabu kilichonifundisha isipokuwa vidole vilivyoungua: lehemu haiendi unakoisukuma, huenda kwenye joto. Ukikipasha moto kipande kimoja ukakisahau cha pili, lehemu itajikunyata kama tone la mvua juu ya jani la mgomba, na kiungo kitaachia siku utakayokigusa.

Kitita kilikuja na maelekezo ya Kiingereza, kurasa 20. Mwalimu hata akistaafu hastaafu mkono wake. Nilichukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto nikaandika neno la Kiingereza, kulia neno la Kiswahili. Nilidhani ingekuwa kazi ya jioni mbili.

Upande wa vifaa ulijaa haraka. Lehemu, tindikali, tupa, jiliwa, kibano, ribiti: maneno haya tunayo tangu zamani, yamekaa vinywani mwa masonara, wahunzi na mafundi wa mwambao, na hayahitaji kamati ya kuyaunda. Hata shaba yenyewe ilinipa raha kidogo. Kamusi zetu huita shaba nyekundu ile ambayo haijachanganywa na kitu, na shaba nyeupe ile iliyochanganywa na zinki, nayo ndiyo hii, ijapokuwa kila mwenye macho anaona kwamba rangi yake ni njano. Lugha nayo ina haki ya kufumba jicho moja.

Upande wa injini ndio ulionishinda. Yapo maneno makubwa, garimoshi, reli, mataruma, behewa, lakini hayo ni maneno ya mtu aliyesimama kando ya njia akitazama. Jina garimoshi lenyewe ni la mtazamaji: nguvu ya chombo hiki ilikuwa mvuke, lakini aliye nje huona moshi. Na hata mvuke wenyewe uliwahi kuwa na jina lililotoka kwa Waingereza, ukatoka ukaenda zake: stima ilikuwa meli ya mvuke, leo Mkenya akisema stima imepotea anamaanisha umeme, na chuma changu cha kulehemia hutumia hiyo hiyo stima. Lakini vipi kuhusu fimbo za chuma zinazounganisha magurudumu? Kile kinundu juu ya boila kinachotunza mchanga wa kunyunyizia reli zinapoteleza? Lile shina ambalo dereva alilivuta kupitisha mvuke kwenda kwenye silinda? Mwisho wa juma la tatu, katika mistari 70 ya daftari, 43 ilikuwa mitupu upande wa kulia.

Nilikaa nikiitazama mistari ile mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Sikuumwa. Nilikuwa nimekumbuka kwamba maneno yale yalikuwapo, yakiwa yameandikwa, na kwamba niliwahi kuyashika mkononi.

Baba alizaliwa Upare wa kusini, chini ya mlima Shengena. Aliajiriwa na reli huko kwao, akahamishiwa Voi, akaoa hapo, nikazaliwa hapo katika nyumba za reli. Kazi yake ilikuwa kutunza moto. Injini za daraja la 59 zilitumia mafuta mazito badala ya makaa ya mawe, hivyo baba hakushika sepetu. Alishika mikono ya vali, akipima mafuta, mvuke na maji kwa jicho na sikio, na alisema fayamani mzuri anaujua moto wake kwa sauti kabla ya kuutazama. Mojawapo ya injini alizopanda ilikuwa namba 5930, na namba 5930 iliitwa Mount Shengena. Aliona fahari ya ajabu kwa hilo. Mlima wa kwao ulikuwa ukipita Voi ukitoa moshi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika likagawanywa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Baba akabaki upande huu na mama yake mzazi upande ule. Shengena iliyobaki karibu naye ilikuwa ile ya chuma.

Mwaka 1979 nilikuwa chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa Kiswahili alimtaka kila mwanafunzi alete maelezo ya kazi ya mzazi wake. Nilimwandikia baba. Baba alikuwa amesoma hadi darasa la nne, na sijui alitumia usiku mingapi, lakini nilipofika nyumbani likizoni alinikabidhi kurasa nne zilizoandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi za zamani za shirika. Alieleza safari moja ya usiku kutoka Mombasa hadi Voi: namna injini inavyoamshwa, namna inavyonyweshwa, kila kipande na jina lake kama walivyoyatumia wao wenyewe, madereva, mafayamani, magadi na mafundi wa shedi, Wataita, Waluo, Wakamba, Wapare na Wahindi.

Nilikuwa na miaka 21, na nilikuwa nimefundishwa kwamba lugha safi ni amana. Nilichukua kalamu yenye wino mwekundu nikaketi mezani mbele yake. Fayamani nikalikata, juu yake nikaandika mchochezi wa moto. Gadi nikalikata. Shedi nikalikata. Stimu nikalikata, nikaandika mvuke. Ukurasa wa pili ulikuwa mwekundu kuliko wa kwanza. Nilipomaliza nilimrudishia asome, na Mungu ni shahidi wangu, nilidhani ninamheshimu. Nilidhani ninamwonyesha kwamba maneno yake yalistahili kusahihishwa kama ya msomi.

Alisoma kurasa zote nne polepole. Alifika penye mchochezi, akatabasamu kidogo, akasema, "Hili ndilo neno watu wanafungiwa." Kisha akazikunja karatasi mara moja, akaziweka katika mfuko wa shati. "Ahsante, mwalimu," akasema.

Siku zote aliniita mwanangu. Tangu siku hiyo aliniita mwalimu, hata mbele ya wageni, hata alipokuwa mgonjwa. Watu walidhani ni fahari, na huenda kwa sehemu ilikuwa fahari. Lakini habari za injini hakunisimulia tena. Mwaka mmoja baadaye hivi, injini zenyewe zikaondolewa njiani, dizeli ikashika kazi. Baba alifariki mwaka 1998, tukamzika kwao. Nilipekua sanduku lake, kofia yake na kitabu chake cha akiba, na karatasi zile sikuziona.

Na sasa, wenzangu, niwaambie lililonikosesha usingizi. Ninakumbuka masahihisho yangu karibu yote. Naweza kuwaandikia hapa kila neno jekundu nililoliweka. Maneno ya penseli yaliyokuwa chini yake, isipokuwa yale manne matano niliyowatajia, siyakumbuki. Nakumbuka sahihisho, sikumbuki neno.

Niliendelea kujenga kwa kuwa sikujua la kufanya jingine. Nilifika kwenye bomba la moshi, na kitita kikanitaka nichague: bomba la mviringo, kama injini zilivyotoka kiwandani, au bomba jembamba bapa la muundo wa Giesl, mhandisi wa Austria, ambalo zilivalishwa baadaye ili moshi na mvuke vitoke kwa ufanisi zaidi na mafuta yapungue. Hilo nililijua bila kuuliza. Injini ya utoto wangu ilikuwa na bomba bapa. Nililitia lehemu nikiwa na hakika, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kwamba mkono haukutetemeka.

Magurudumu yalinichukua mwezi. Vishikio vya upande wa kulia havilingani na vya upande wa kushoto. Vinatofautiana kwa robo ya mzunguko, ili upande mmoja ukiwa umefika mwisho wa msukumo wake, mwingine uwe katikati ya nguvu zake, na injini isikwame. Ekseli moja ikipotoka kidogo tu, mwendo wote unachechemea. Ni kama mshororo wenye mizani 15: asiyejua hawezi kukuonyesha kosa, lakini sikio lake linajikwaa.

Nilisafiri hadi Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyoanzishwa mwaka 1971. 5930 ipo pale, imesimama nje kwenye reli zisizokwenda popote, pamoja na dada yake 5918, Mount Gelai. Nilipanda ngazi yake, vidato vitano, vile vile nilivyovilehemu. Nilikaa upande wa baba. Nilishika kila kitu alichokishika. Nilipiga picha, nikapima kwa futi kamba, nikachora. Kila kipande nilichokihitaji kilikuwapo, na hakuna hata kimoja kilichoniambia jina lake. Chuma hakisemi. Nilirudi nyumbani na picha zaidi ya 200, na mistari 43 mitupu.

Mke wangu ndiye aliyesema, "Wale wenzake wote wamekwisha?"

Hawakuwa wamekwisha. Alibaki mmoja, hapo hapo Voi, mzee wa zaidi ya miaka 85 aliyekuwa fundi wa shedi. Nilimwendea na mfano wangu ndani ya sanduku la viatu, ukiwa bado shaba tupu. Nilimwamkia, nikataja jina la baba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwana wa fayamani." Miaka zaidi ya 40 nilikuwa sijalisikia neno hilo likitamkwa na mtu kwa wepesi namna ile, kama mtu anavyosema mwana wa kadhi au mwana wa nahodha.

Macho yake hayaoni vizuri. Nilimwekea injini mapajani, naye akaanza kuipapasa kutoka mbele kwenda nyuma kwa vidole vilivyokakamaa. Sikumhoji. Nilifungua daftari nikakaa.

"Hii mikono," akasema, akigusa zile fimbo za magurudumu. "Hiki chungu cha mchanga. Hili rungu, dereva analivuta hivi." Alilivuta lile lisilokuwapo, hewani. "Hili bomba la bapa tuliita mdomo wa kambare. Lilipokuja tulilicheka. Kisha likafanya kazi." Kila alipotaja nilijaza mstari. Mengine yalikuwa ya Kiingereza yaliyokunjwa mpaka yakaketi vizuri katika kinywa cha Kiswahili. Mengine yalikuwa Kiswahili kitupu ambacho mimi, mwenye vyeti, nisingethubutu kukibuni. Hakuna hata moja lililokuwa ovyo. Kila neno lilikuwa limefanyiwa kazi kama kishikio cha jembe, mahali pa mkono pameng'aa.

"Mbona haina rangi?" akaniuliza.

"Bado, mzee."

"Rangi yake damu ya mzee."

"Najua," nikasema. Ndivyo tunavyoiita rangi ile nyekundu iliyokolea ikakaribia weusi, na ndiyo rangi ambayo injini zile zilipakwa. Nilikuwa nimelisema neno hilo maisha yangu yote bila kulisikia.

Vidole vyake vilifika mahali boila linapokutana na kigari cha mbele, penye kile kiungo ambacho injini nzima hujipinda kwacho. Alipasugua muda mrefu. "Hapa," akasema, "pana jina. Tulilitumia kila siku, kwa kuwa palitaka grisi." Alifumba macho. "Baba yako ndiye aliyelileta, kwa lugha ya kwao nadhani, sisi tukalichukua. Limenitoka." Nilimwambia asijali. Alijali. Nilipokuwa nikiaga alinishika mkono, akaniambia, "Njoo kesho, huenda likarudi." Nilikwenda kesho yake na kesho kutwa. Halikurudi.

Sisemi kwamba usanifu wa lugha ulikuwa makosa. Nimeufundisha, na kama ningerudi darasani ningeufundisha tena, kwa sababu mtoto wa Voi na wa Kigoma na wa Bukavu wanahitaji mahali pa kukutana. Kosa langu lilikuwa jingine. Nilipewa neno na mtu aliyelifanyia kazi, nikadhani linataka ruhusa yangu. Nilikuwa na kurasa nzima ya pembeni ambamo ningeweza kuuliza kwa penseli kama yake, "Baba, hili ni nini?" Badala yake nilikunja palipokwisha kukunjwa.

Katika mistari 43, sasa 31 imejaa. Rangi nimekwisha kuipaka, tabaka tatu nyembamba, na nilipokuwa nikingoja ya mwisho ikauke nilitunga ubeti mmoja, mizani nane kwa nane, kama magurudumu yake:

Baba nilikukosoa, sikujua ni uchungu,
Neno lako kaling'oa, kwa wino mwekundu wangu,
Vipande ninachomoa, navipanga kwa mafungu,
Jina nani atatoa, nambie mzazi wangu?

Beti nyingine hazijaja, na sizilazimishi.

Injini imesimama juu ya kabati la vitabu, karibu na kamusi. Ubavuni mwake nimeweka kibao cha shaba chenye herufi zisizozidi milimita moja: Mount Shengena. Inakwenda. Inapinda vizuri penye kiungo, na kila inapopinda nalitazama daftari. Mstari wa kiungo kile bado ni mtupu. Ningeweza kuunda istilahi kwa dakika mbili, na ingekuwa istilahi nzuri. Nimeunda nyingi katika maisha yangu. Nimeuacha ulivyo.

Kama miongoni mwenu yupo aliyezaliwa katika nyumba za reli, Voi au Tabora au Kisumu au Same, na kama mzazi wake yungali hai, namwomba amuulize leo, sio likizo ijayo: pale boila lilipokalia kigari cha mbele, penye kutaka grisi, mlipaitaje? Na akijibu, tafadhali mwandikieni neno kama alivyolitamka.